Mshono Ulioanzia Katikati

Ujumbe uliingia mchana, Konsolata akiwa amekaa mlangoni anapaka nta kwenye mdomo wa kibuyu.

"Dada, hicho kibuyu kwenye video yako ni cha kwetu Gehandu. Mshono ulioufumua aliushona mama yangu, na mama hayupo tena. Shangazi ameiona video. Baba bado. Jumamosi naolewa. Zita."

Aliusoma, akausoma tena. Kidole chake kikaandika "Samahani sana," kikafuta. Kikaandika "Sikujua," kikafuta na hilo, kwa sababu halikuwa kweli sawasawa.

Pale Dongobesh watu walimfahamu Konsolata kwa mikono yake kuliko kwa sauti yake. Kanisani alifungua mdomo na wenzake lakini aliyekaa jirani hakusikia kitu. Dukani alionyesha kwa kidole. Alipomaliza kidato cha nne alirudi nyumbani kwa mama yake, Bernadina, mshona vibuyu, na hakuna aliyeshangaa, maana kushona vibuyu ni kazi ya kuinamisha kichwa. Kisha baridi ya milimani ikavikaza viungo vya vidole vya Bernadina mpaka akashindwa kushika sindano, na kazi yote ikahamia kwa binti.

Tangu biashara ilipoachiwa huru na madumu ya plastiki kujaa minadani, watu walikuwa wakisema kazi hiyo imekufa. Haikufa. Maziwa ya kwenye dumu hayana harufu ya moshi, na wafugaji wa bonde la Hanang hawakuwa tayari kumpa mgeni wa heshima maziwa yanayonuka dumu. Kibuyu chao kikipasuka walikifunga kwenye kitambaa na kupanda nacho Dongobesh. Konsolata alitoboa matundu pande mbili za ufa kwa msumari wa moto, akapitisha ukano, yaani mshipa wa ng'ombe uliokaushwa, akavuta, akaziba kwa nta. Kibuyu kikarudi kukaa na maziwa.

Halafu ikaja simu ya kupangusa. Konsolata aliiegemeza kwenye mtungi, akawasha kamera, akashona. Mikono tu ndiyo iliyoonekana. Uso wake haukuingia humo hata mara moja. Video zikatembea. Watu wa Arusha, wa Dodoma, na wengine asiojua wako wapi, wakaandika kwamba mikono hiyo ni ya dhahabu, wakaagiza vibuyu vya kupamba sebule. Aliwajibu wote kwa maandishi, vizuri, hata kwa utani. Waliojaribu kumpigia, aliiacha simu iite mpaka ichoke, kisha akawaandikia: "Nipo kwenye kelele, naomba uandike." Na hapo alikuwa amekaa peke yake, nyumba imenyamaza, kuku wamelala kivulini.

Kibuyu cha Gehandu kililetwa na mwenyewe, mzee Gidahosh, mrefu, shuka begani. Alikiweka chini polepole, akaonyesha kitako chake kwa ncha ya fimbo. "Ufa ni huu." Akamwachia namba ya simu, akaenda zake mnadani.

Ufa wa kitako ulikuwa mdogo. Konsolata aliushona ukatoka kama meno ya mtoto, mishono yote sawa. Lakini tumboni, kuanzia karibu na mdomo kushuka chini, palikuwa na ufa mwingine mrefu, ulioshonwa zamani. Mshono wake ulikuwa mweusi, umepinda, unakwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu njiani. Kila alipokielekeza kibuyu kwenye kamera, mshono ule ulitangulia kuonekana. Aliitazama namba ya mzee. Akasema moyoni kwamba mwenye kibuyu atafurahi tu akikuta mishono yote miwili mizuri. Akaulowesha ukano wa zamani kwa maji ya uvuguvugu, akauvuta tundu kwa tundu mbele ya kamera mpaka ukatoka wote. Chini ya video akaandika: "Kesho tunashona upya." Watu waliipenda kuliko zote zilizotangulia. Mmoja aliandika kwamba ni kama kuona mwiba ukitolewa mguuni.

Sasa kesho yenyewe ilikuwa imefika.

"Nini hicho kinakukausha uso?" aliuliza Bernadina, akitokea nyuma ya nyumba na ufagio.

Konsolata akamsomea ujumbe. Mama yake akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Ulimuuliza mwenyewe?"

"Hapana."

"Namba alikuachia."

"Aliniachia."

"Na mimi nilikuambia nini kuhusu mkono wa mtu?"

Konsolata akajibu kama mtoto wa katekisimu. "Usifumue mkono wa mtu kabla hujauliza ni wa nani."

"Basi unajua. Afadhali ungekuwa hujui, ningekuzaba kibao kimoja yakaisha." Bernadina akavisugua vidole vyake. "Sikiliza. Nyumba ile naijua tangu hujazaliwa. Binti yao akiondoka, mama yake humnywesha maziwa kwa kibuyu chake mwenyewe, mlangoni, na hapo ndipo anapopata ruhusa ya kuuvuka mlango. Mama wa huyu amekufa. Kibuyu ndicho kilichobaki kusimama mahali pake. Wewe umekitoa mkono wa mama, ukawaonyesha watu ukicheka."

"Sikucheka."

"Uliweka muziki."

Muziki aliuweka.

"Shangazi mtu akikataa kukishika, hakuna wa kumnywesha," Bernadina aliendelea. "Asiponyweshwa, hatoki. Upande wa mume utafika Jumamosi na ng'ombe wao, wakute binti amekaa ndani. Watauliza nani kaufunga mlango. Wataambiwa, Konsolata wa Dongobesh. Hapo utaona kama kuna kibuyu kingine kitakachopanda mlima huu."

"Nitamwandikia Zita. Kibuyu nitampa mtu wa bodaboda akipeleke."

"Umefumua kwa mikono miwili, unataka kuomba radhi kwa kidole kimoja?"

Bernadina akalikaza fundo la kanga yake kiunoni. Kisha akauliza, "Ukano wa zamani uko wapi?"

Konsolata akageuka kuutazama mkeka aliofumulia. Ukano haukuwepo. Akainua kopo la nta, akakung'uta kitambaa, akapapasa chini ya kigoda. Uwanja ulikuwa umefagiwa safi. Akakimbilia kwenye jaa, akapiga magoti, akachambua majivu na maganda ya maharage kwa vidole huku kuku wakimzunguka. Kuku mmoja alikuwa na kitu cheusi mdomoni. Akamfukuza mpaka kwenye mahindi ya jirani, akakuta ni kipande cha kamba ya katani. Aliporudi mikono yake ilikuwa na majivu hadi kwenye viwiko na alikuwa anahema.

Bernadina alikuwa palepale juu ya kinu. Alifungua fundo la kanga yake kiunoni, akatoa ukano mweusi uliojikunja.

"Mama. Ulikuwa nao muda wote?"

"Mimi nafagia kwa macho. Nilitaka uonje kidogo kutafuta kitu cha mtu."

Ukano ulikuwepo. Lakini mshono wenyewe? Matundu yalibaki tumboni mwa kibuyu, pande mbili, kama vijishimo vya wadudu. Ukano ungeweza kupita humo kwa namna nyingi. Ulianza juu au chini? Ulirudi nyuma wapi? Alimwuliza mama yake, naye akatikisa kichwa. Kila mkono una mwendo wake.

Ndipo Konsolata akaitazama simu.

Video ile ilionyesha mkono ukitoka. Akaizima sauti, akaisogeza hadi mwisho, pale ukano ulipochomoka tundu la mwisho. Tundu hilo la mwisho la kufumua ndilo lilikuwa la kwanza la kushona. Kama lingekuwa juu, au lingekuwa chini, angeelewa. Lilikuwa katikati ya ufa.

Alidhani ameona vibaya. Hakuna anayeanzia katikati. Akairudisha picha nyuma kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, akaona ukano ukiingia tundu baada ya tundu kama mtu anayerudi nyumbani kwa hatua za kinyumenyume. Kutoka katikati ulipanda juu hadi mdomoni. Kisha ulishuka tena kwa kurukaruka, ukapita katikati, ukaenda chini. Na kila baada ya kwenda matundu mawili mbele, ulirudi moja nyuma. Alichukua kigae cha kibuyu kilichovunjika, akakitoboa, akajaribu kwa uzi wa gunia. Akakosea. Akarudia. Jua lilipofika nyuma ya mikaratusi, kigae kilikuwa kimeshika mshono uliopinda sawasawa na ule.

"Ushone sasa hivi, kikauke," alisema Bernadina.

Konsolata akakigeuza kigae mkononi. Angeweza kushona, akakirudisha, akakaa kimya. Mshono ungekuwa ule ule, au karibu. Lakini shangazi alikuwa ameona.

"Nitashonea kwao," alisema, akashangaa kusikia maneno hayo yakitoka kwenye mdomo wake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi aliondoka Dongobesh na ukungu, amevaa sweta. Aliposhuka gari na kupanda bodaboda kuelekea Gehandu, sweta lilikuwa kiunoni na vumbi limemjaa kope. Kibuyu alikipakata mbele, kimefungwa kwenye kitenge. Mwenye pikipiki alimchungulia kwenye kioo.

"Dada, mtoto wako mpole. Halii hata kwenye mashimo."

Kwa kawaida angetabasamu tu. "Mwombee asilie kesho," akajibu. Kijana akacheka bila kuelewa, akakaza mwendo.

Boma la Gidahosh lilizungukwa na ua wa miiba. Wanawake walikuwa kwenye kivuli cha nyumba, na katikati yao shangazi yake Zita, mama mnene mwenye vikuku vya shaba vilivyopanda hadi karibu na kiwiko na sketi ya ngozi iliyong'aa kwa mafuta. Mzee Gidahosh alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili. Kwa namna alivyoitazama ardhi, Konsolata alijua kwamba sasa naye ameiona video.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu mzee, bila kuinua macho.

"Shikamoo, mama."

Shangazi hakujibu. Alikuwa anachambua majani kwenye ungo, na aliendelea kuchambua. Konsolata akabaki amesimama, kibuyu mikononi, salamu yake ikining'inia pale juani. Asingeweza kukaa, wala kuzungumza, wala kuondoka, kabla salamu haijapokelewa.

"Shikamoo, mama," alirudia. Safari hii ilisikika.

"Marahaba." Shangazi akaweka ungo chini. "Kumbe ndiye huyu. Mikono isiyo na uso. Nilidhani labda hana kichwa."

Mwanamke mmoja akacheka puani. Zita, msichana mwembamba aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa.

"Ninyi watu wa milimani maziwa mnayajulia kwenye chai," alisema shangazi. "Kibuyu kwenu ni pambo la ukutani. Sema. Umekuja kutuuzia?"

Konsolata alikuwa ameyapanga maneno ndani ya gari, mengi, ya heshima, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalikuwa yametoweka.

"Niliufumua mimi. Hakunituma mtu. Mama yangu alinifundisha kuuliza, na baba hapa aliniacha na namba yake. Sikuuliza."

"Kwa nini?" Ilikuwa sauti ya Gidahosh. Haikuwa ya ukali, na kwa hiyo ilimchoma zaidi. "Ungepiga ningekwambia."

"Naogopa kupiga simu."

Shangazi akajipiga paja.

"Anaogopa simu. Watu wote hao wanamtazama mchana na usiku, na anaogopa kusema na Gidahosh, ambaye hata mbuzi wake hawamwogopi."

"Wale hawanioni, mama."

Shangazi akamtazama, mara ya kwanza usoni. Akanyoosha mkono wenye vikuku. "Lete hiyo simu. Futa huo upuuzi sasa hivi, kisha tuone la kufanya."

"Nitaifuta. Ila naomba nishone kwanza. Mwendo wa mkono wake umebaki humo tu. Nikiifuta na nikakwama, hakuna mahali pengine pa kuutafuta."

"Mwendo wa mkono." Shangazi akakaza macho. "Haya, wewe unayejua. Wifi yangu alianzia wapi?"

Wanawake wote wakageuza shingo. Konsolata akaelewa kwamba hili si swali la kutaka kujua. Huyu alikuwepo.

"Katikati," alisema. "Akapanda juu. Kisha akarudi kushuka chini."

Vikuku vikanyamaza. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Niliutazama ukirudi."

Shangazi akamgeukia kaka yake, wakazungumza kwa lugha yao, maneno machache, moja zito na jingine zito. Kisha akasogea kwenye ngozi aliyokalia, akaacha nafasi.

"Kaa. Simu naishika mimi. Ukikosea nitaona."

Waliulainisha ukano kwa samli. Konsolata akaweka kibuyu mapajani, akaanza katikati. Alisahau mikono yake ni ya dhahabu. Ilikuwa na jasho tu. Mbele matundu mawili, nyuma moja. Alipovuta kidogo kwa kupenda unyoofu, shangazi akasema, "Huko hakuwa anavuta hivyo," naye akalegeza.

Alipofika mdomoni mwa kibuyu, shangazi alianza kuzungumza, kama anayeuambia ungo.

"Tulikuwa tunahama. Mwaka wa ukame. Ndama alikikanyaga kibuyu, na maziwa ndani ndiyo hayo tu. Zita alikuwa mgongoni, mdogo, analia. Yalikuwa yanatoka hapo katikati. Nilimwambia wifi, mimina chini, twende. Akakaa njiani akashona na maziwa yakiwemo. Kidole kimoja kimeziba, kingine kinashona. Ndiyo maana kila akienda anarudi. Alikuwa anarudi kubana."

Konsolata aliutazama mshono uliopinda, aliokuwa ameuondoa ili picha ipendeze.

Alishuka hadi chini. Yalipobaki matundu mawili, ukano ulilia kidogo, tk, ukakatika.

Kipande kilichobaki kilikuwa kifupi kuliko ukucha.

"Nina ukano mpya," alisema Konsolata polepole.

"La," alisema shangazi. "Mkono wako umeshapita humo vya kutosha. Nitamwambia nini marehemu? Kwamba alimalizia mtu wa Dongobesh?"

Gidahosh aliinuka kwenye kigoda, akatembea hadi kwenye ua wa miiba, akasimama huko akiwapa mgongo. Watu wa mume walikuwa wameshatoka kwao na ng'ombe. Usiku huo wangelala njiani. Konsolata aliona mlango wa nyumba, na Zita ndani ya mlango, na kwa muda aliona kabisa msichana huyo akibaki hapo.

"Shangazi." Zita alikuwa ametoka. "Maziwa yale yalikuwa ya nani?"

Shangazi hakujibu.

"Yalikuwa yangu. Basi nimalizie mimi."

"Hujui kushona wewe. Hata kifungo kinakushinda."

"Huyu ataniambia."

Shangazi akamtazama Konsolata kwa muda mrefu. Kisha akatazama kwingine, na huko kwao hiyo ilikuwa ruhusa.

Zita akapiga magoti, akapokea ukano mpya, kibuyu kikahamia mapajani kwake. Konsolata akaiweka mikono yake mgongoni, ili isije ikajisahau ikashika. Ilibidi aseme kila kitu. "Ingiza hapo. Usisukume, zungusha. Sasa rudi nyuma tundu moja. Bana kwa kidole. Kidole kile kingine, ndiyo. Vuta, usivute kuelekea kwangu, vuta kama unamfunga mtoto mgongoni." Sauti yake ilisikika boma zima, na hakuna aliyemwambia aiongeze. Zita alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Fundo la mwisho lilitoka kubwa kama harage.

"Umepinda," alisema shangazi.

"Na wa mama ulipinda," alisema Zita.

Wakapaka nta, wakamimina humo maziwa ya jioni. Kibuyu kikatulia. Kisha, chini kabisa, kwenye tundu la Zita, tone likajikusanya, likanenepa, likabaki limening'inia.

Shangazi akaliondoa kwa kidole, akangoja. Likaja jingine, dogo zaidi. Akaliondoa. La tatu halikuja.

"Kibuyu kilichotoka kushonwa hulia," alisema. "Mafuta ya maziwa yatakifunga. Kesho nitakishika." Akamrudishia Konsolata simu. "Sasa futa."

Konsolata akafuta, na sifa zote za watu zikaondoka pamoja na video.

Jumamosi hakuwepo. Jumapili baada ya misa, Zita alimwandikia neno moja, "Nimevuka," na yeye akalisoma kwa sauti mpaka Bernadina akamwambia inatosha, sio somo la Injili.

Wiki iliyofuata kikaja kibuyu kutoka upande wa Mbulu, ufa mpya ubavuni, na juu yake mshono wa zamani wa kamba ya nailoni, mbaya kuliko yote aliyowahi kuona. Mwenye nacho alikuwa ameacha namba. Konsolata alinawa mikono, akaifuta kwenye kanga. Alibonyeza, akaweka simu sikioni. Ikaita. Aliomba isipokelewe.

"Haloo?" Mama mtu mzima, na nyuma yake mbuzi.

"Shikamoo, mama. Ni Konsolata wa Dongobesh, wa vibuyu."

"Marahaba, mwanangu. Kimekufa kabisa?"

"Hapana, mama. Naomba kuuliza. Huu mshono wa zamani wa nailoni, ni mkono wa nani?"

Upande wa pili mama akacheka mpaka akakohoa. "Huo? Alishona mume wangu wa kwanza, na huyo mtu hakuwahi kumaliza kitu. Fumua wote, mwanangu. Na kamba yake usinirudishie."